Mkono wa Kushoto Usioandikwa: Matini, Utendaji na Tatizo la Kuhakiki Utungo wa Mozart wa 1788

Utangulizi

Mnamo tarehe 24 Februari 1788 Wolfgang Amadeus Mozart aliingiza utungo mpya wa piano na okestra, katika ufunguo wa D meja, kwenye orodha ya kazi zake ambayo alikuwa akiiandika kwa mkono wake mwenyewe tangu Februari 1784. Utungo huo leo hutambuliwa kwa nambari K. 537 katika orodha ya Köchel, na wapenzi wa muziki huuita Koncheto ya Kutawazwa. Koncheto ni utungo ambamo mpigaji mmoja wa ala hukabiliana na okestra nzima, mara wakijibizana, mara wakishirikiana, na Mozart ndiye aliyeikuza fani hiyo kupita mtungaji yeyote wa zama zake.

Historia ya utungo huu katika uhakiki ni ya ajabu kidogo. Katika karne ya 19 ulikuwa miongoni mwa koncheto za Mozart zilizopendwa mno na wasikilizaji. Katika karne ya 20 wahakiki wengi waliushusha daraja. Cuthbert Girdlestone, aliyetoa kitabu kizima juu ya koncheto za Mozart mnamo 1939, hakuuthamini. Alfred Einstein, katika kitabu chake cha 1945, aliukubali kuwa ni wa Mozart kwa kila hali, lakini akaona kwamba haukubeba Mozart mzima. Hata hivyo, ipo hali moja ambayo hukumu hizo zote hazina budi kuikabili, nayo ni kwamba mswada wa Mozart haukukamilika. Katika kurasa nyingi mstari wa mkono wa kushoto wa piano ni mtupu.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maana ya utupu huo kwa mhakiki. Swali linaloulizwa ni hili: mhakiki anapotamka kwamba utungo fulani ni hafifu au ni adhimu, anahukumu kitu gani hasa, ikiwa sehemu ya kitu hicho haikupata kuandikwa na mtunzi wake? Yatadaiwa hapa mambo mawili. Kwanza, utupu uliomo katika mswada wa K. 537 si dosari ya utunzi bali ni dalili ya uhusiano maalumu baina ya mtunzi, mtendaji na maandishi. Pili, kuutambua uhusiano huo hakumpi mhakiki ruhusa ya kuusifu utungo wote kwa jumla. Kunamlazimu kuigawa hukumu yake, aonyeshe lipi limo katika matini na lipi liliachiwa utendaji.

Hali ya mswada

Mswada wa mkono wa Mozart umehifadhiwa katika Maktaba ya Morgan mjini New York, na nakala yake ya picha ilichapishwa mwaka 1991 pamoja na utangulizi wa Alan Tyson, mtaalamu aliyejulikana kwa kuchunguza karatasi ambazo Mozart aliziandikia. Kutokana na uchunguzi wa karatasi, Tyson alionyesha kwamba kazi hii ilianzwa mwaka 1787, kabla ya tarehe iliyoandikwa katika orodha. Kwa hiyo dhana kwamba utungo ulizuka kwa pupa katika siku chache za Februari haina nguvu.

Ukurasa wa koncheto hupangwa kwa mistari mingi ya nota iliyolazwa mmoja juu ya mwingine. Ala za okestra zina mistari yake; piano ina miwili, wa juu kwa ajili ya mkono wa kulia na wa chini kwa ajili ya mkono wa kushoto. Katika K. 537 mistari ya okestra imejazwa. Mstari wa juu wa piano pia umejazwa. Mstari wa chini ndio unaokatika mara kwa mara. Piano inapoingia kwa mara ya kwanza, katika vipimo vya 81 hadi 99 vya sehemu ya kwanza, mkono wa kulia unaimba mahadhi yake huku chini yake pakiwa hapana nota hata moja. Katika sehemu ya pili, ile ya mwendo wa pole iitwayo Larghetto, mkono wa kushoto haukuandikwa tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna koncheto nyingine ya piano ya Mozart ambayo sehemu ya mpigaji iliachwa na mapengo makubwa kiasi hicho.

Inafaa ieleweke kwamba nafasi hizo tupu hazikutawanyika ovyo. Pale ambapo mikono yote miwili inafanya kazi ngumu, ambapo mkono wa kushoto unakimbizana na wa kulia au ambapo ufunguo unabadilika kwa njia isiyotarajiwa, Mozart aliandika nota zote. Pengo hutokea mahali ambapo mkono wa kushoto ungetarajiwa kufanya kazi ya kawaida: kuyabeba mahadhi kwa sauti za chini zilizopangwa kwa mtindo uliozoeleka. Kwa maneno mengine, mtunzi aliandika kile ambacho kisingeweza kukisiwa, akakiacha kile ambacho mtu aliyeijua lugha ya muziki wa wakati ule angekijaza bila kusita. Na mtu aliyekusudiwa kukijaza alikuwa ni yeye mwenyewe.

Ushahidi wa tungo nyingine

Dai hilo lingekuwa la kubahatisha lau K. 537 ingesimama peke yake. Lakini maisha ya Mozart yametuachia ushahidi mwingine wa kulithibitisha.

Mwezi Aprili 1784 Mozart alitunga sonata ya piano na fidla, K. 454, kwa ajili ya kuipiga pamoja na mpiga fidla Regina Strinasacchi mjini Vienna. Mwenzake alihitaji nota zake, kwa hiyo sehemu ya fidla iliandikwa. Sehemu ya piano Mozart aliiandika kwa uchache mno, akaingia jukwaani na kupiga kwa kumbukumbu na kwa ubunifu. Mswada wenyewe unashuhudia jambo hilo, kwa kuwa wino wa sehemu kubwa ya piano si ule wa fidla; uliongezwa baadaye. Sonata hiyo ilichapishwa mwaka huohuo. Maadamu ilikuwa inatoka mikononi mwake na kwenda kwa wapigaji asiowajua, ilimbidi ayaandike yote.

Mfano wa pili ni wa mwaka huohuo. Dada yake Mozart, Nannerl, aliyekuwa mpiga piano hodari, alipokea koncheto nyingine ya D meja, K. 451, akaona kwamba mahali fulani katika sehemu ya mwendo wa pole palikuwa pamepungua kitu. Katika barua ya tarehe 9 Juni 1784 kwa baba yao, Mozart alikiri kwamba dada yake alisema kweli, akaahidi kupeleka kilichokosekana pamoja na kadenza, yaani vile vipande ambavyo mpigaji huvipiga peke yake okestra ikiwa imenyamaza. Barua hiyo ni muhimu kwa sababu mbili. Inaonyesha kwamba hata mstari uliokwisha kuandikwa haukuwa na kila kitu ambacho masikio yalipaswa kusikia. Aidha, inaonyesha kwamba Mozart hakukitetea kile kilichoandikwa kuwa ndicho kauli ya mwisho. Kwake yeye, maandishi yalikuwa yamesimama mahali fulani baina ya kumbukumbu na agizo.

Ushahidi wa tatu wahusu umiliki. Katika barua ya tarehe 15 Mei 1784 Mozart alimsihi baba yake nota zinakiliwe nyumbani mwao, chini ya macho yake, kwa kuwa hakuwaamini wanakili. Alisisitiza kwamba baadhi ya koncheto zake mpya hazikuwa mikononi mwa mtu mwingine yeyote. Zama hizo hazikuwa na sheria ya hakimiliki iliyoweza kumlinda mtunzi dhidi ya wezi wa nota. Koncheto mpya ilikuwa mtaji wa mpigaji: ilimletea watu ukumbini maadamu haikusikika kwingine. Yamkini mtu aliyeyaona mambo hivyo hakuwa na haraka ya kuandika kwa ukamilifu sauti ambazo angeweza kuzitoa mwenyewe wakati wowote.

Ushahidi huu watatu ukiwekwa pamoja, kanuni yajitokeza. Mozart aliandika kwa kiasi ambacho mtu mwingine alihitaji. Okestra ilihitaji nota zake zote, ikaandikiwa. Barbara Ployer, mwanafunzi wake, alihitaji mikono yote miwili katika koncheto aliyotungiwa mwaka 1784, K. 453, akaandikiwa. Katika K. 537 mpigaji alikuwa ni mtunzi, na hakuna mtu mwingine aliyetazamiwa kuipiga. Mozart aliipiga mbele ya hadhira ya kifalme mjini Dresden tarehe 14 Aprili 1789, na tena mjini Frankfurt tarehe 15 Oktoba 1790, siku sita baada ya kutawazwa kwa Kaisari Leopold wa Pili. Hapo ndipo jina la Kutawazwa lilipotoka. Si jina alilolitoa Mozart, na utungo wenyewe ulikuwa umekwisha kutungwa zaidi ya miaka miwili kabla ya sherehe hizo. Kwenda kwake Frankfurt hakukuwa kwa mwaliko. Hakuwamo katika msafara rasmi wa Kaisari, naye alimwandikia mkewe kwamba onyesho lile lilimpa heshima lakini fedha kidogo. Tarehe 5 Desemba 1791 alifariki dunia. K. 537 ilikuwa haijachapishwa, na kwa hiyo haikuwahi kufikia ile hatua ambayo ingemlazimu ayajaze mapengo.

Mchapishaji kama mtunzi mwenza

Mwaka 1794, takriban miaka mitatu baada ya kifo cha Mozart, Johann André wa mji wa Offenbach aliitoa koncheto hiyo kwa mara ya kwanza. Toleo lake halina mapengo. Mkono wa kushoto umejaa kutoka mwanzo hadi mwisho, na wataalamu wengi, wakiwemo Einstein na Tyson, walichukulia kwamba aliyeujaza ni André mwenyewe, ambaye pia alikuwa mtungaji wa muziki. Alichokiongeza ni cha kawaida: sauti tatu zilizovunjwa na kupigwa moja baada ya nyingine, vikundi vya sauti vinavyorudiwa kwa mapigo sawasawa, na sauti moja ya chini pale ambapo okestra imekwisha kuibeba kazi hiyo.

Kwa karibu karne mbili wapigaji na wasikilizaji wameupokea mkono huo wa kushoto kuwa ni wa Mozart. Katika toleo jipya la kitaalamu la kazi zote za Mozart wahariri wameuchapisha kwa nota ndogo, ili mpigaji aone kwa macho mpaka baina ya kilichoandikwa na mtunzi na kilichoongezwa. Uamuzi huo wa kiuhariri ni wa kusifiwa. Lakini sikio halioni ukubwa wa nota. Anayeusikiliza utungo ukumbini au katika santuri husikia mikono miwili ya mtu mmoja, akaichukulia kuwa ni fikra moja.

Hapa ndipo tatizo la kihakiki linapochomoza kwa uwazi. Msomaji wa riwaya ambayo sura zake kadhaa zimejazwa na mchapishaji angeambiwa hivyo katika dibaji, na mhakiki asingethubutu kumlaumu mwandishi kwa ulegevu wa sura hizo. Einstein aliuona udhaifu wa ujazo wa André na akautamka. Jambo ambalo halikutiliwa maanani vya kutosha ni kwamba ujazo huo umeathiri pia namna tunavyoisikia ile sehemu iliyo ya Mozart bila shaka. Mahadhi ya mkono wa kulia hayasikiki peke yake. Sauti ya chini ndiyo inayoamua iwapo mahadhi yanasikika kama wimbo wa mtoto au kama wimbo wa mtu mzima anayejizuia. Mahadhi ya Larghetto ni mfano ulio wazi. Yana sauti chache zinazorudiwa kwa utulivu mkubwa, na yanarejea mara nyingi karibu bila badiliko. Yakibebwa kwa mapigo yaleyale ya chini kila yanaporudi, hakuna budi yachoshe. Mhakiki anayesema kwamba Larghetto ni tamu lakini ni tupu anasema kweli kuhusu toleo la 1794. Hajasema bado lolote kuhusu kile kilichosikika Dresden.

Mipaka ya utetezi

Hata hivyo, utetezi wa namna hii una hatari yake, nayo yafaa itajwe bila kificho. Pengo ni mahali pazuri pa kuficha kila udhaifu. Mtu akisema kwamba uzuri wa K. 537 ulikuwa katika kile ambacho hakikuandikwa, hakuna awezaye kumpinga, wala hakuna awezaye kuthibitisha. Uhakiki wa namna hiyo hugeuka kuwa imani.

Kuna sababu mbili za kuujenga ukuta dhidi ya hatari hiyo. Ya kwanza ni kwamba hakuna uhakika kuwa mkono wa kushoto wa Mozart mwenyewe ungekuwa tofauti sana na ule wa André. Koncheto yake ya mwisho ya piano, K. 595, iliyokamilika Januari 1791, ina sehemu ya mwendo wa pole inayoanza kwa piano peke yake, na humo mkono wa kushoto, ulioandikwa na Mozart, ni wa kawaida kabisa. Urahisi si dalili ya mkono mgeni. Kwa hiyo anayemlaumu André kwa sababu ameandika mambo mepesi hana budi aonyeshe kwamba wepesi huo ni wa aina ambayo Mozart asingeukubali.

Sababu ya pili ina uzito zaidi. Okestra ya K. 537 imeandikwa yote, na okestra hiyo yenyewe ina kasoro ikilinganishwa na tungo zilizotangulia. Katika K. 482 ya Desemba 1785 na K. 491 ya Machi 1786, ala za kupulizwa zimepewa utu wao. Filimbi, klarineti na basuni hutoka mbele, zikaimba peke yake, zikaijibu piano na hata kuipinga. Sehemu za mwendo wa pole za koncheto hizo mbili ni kama baraza ambamo wazungumzaji wengi wamepewa zamu. Katika K. 537 baraza hilo limefungwa. Ala za kupulizwa zipo, na tarumbeta na ngoma zinaipa sehemu ya kwanza fahari ya nje, lakini kazi yake kubwa ni kuongeza rangi na nguvu. Nyingi kati ya hizo zikiondolewa, mazungumzo ya utungo hayaharibiki sana. Pengo la mkono wa kushoto haliwezi kueleza upungufu huu, kwa sababu hapa hakuna pengo. Mtunzi ndiye aliyechagua.

Kwa hiyo hukumu haina budi kugawanywa. Kuhusu piano, matini haitoshi kumruhusu mhakiki atoe hukumu ya mwisho. Awezalo ni kueleza aina ya utendaji ambayo mswada unaudai. Kuhusu okestra na muundo wa jumla, matini inatosha, na hukumu yaweza kutolewa. Charles Rosen, katika kitabu chake cha 1971 juu ya mtindo wa zama hizo, alikaribia kuliona jambo hili kutoka upande mwingine. Aliuona utungo huu kuwa ndio uliotazama mbele kuliko kazi nyingi za Mozart, kwa kuwa umejengwa zaidi juu ya mfuatano wa mahadhi na umahiri wa mpigaji, njia ambayo Hummel na Weber walikuja kuifuata. Mtazamo wa Rosen waweza kuunganishwa na hali ya mswada. Okestra ilipunguziwa maneno kwa sababu uzito wote ulihamishiwa kwa mtu mmoja aliyekaa kwenye piano, na mtu huyo ndiye aliyeandikiwa nusu tu ya maneno yake. Wembamba wa okestra na utupu wa mstari wa chini ni pande mbili za uamuzi mmoja: kuufanya utungo uegemee utendaji.

Ikiwa hoja hiyo ina ukweli, basi mapenzi ya karne ya 19 na dharau ya karne ya 20 hupata maelezo. Karne ya 19 ilikuwa bado na wapigaji waliojaza na kupamba. Johann Nepomuk Hummel, aliyekuwa ameishi nyumbani kwa Mozart akiwa mwanafunzi mtoto, baadaye aliipanga K. 537 upya kwa piano pamoja na ala tatu, akayapamba mahadhi yake kwa wingi. Mapambo yake ni ya zama zake na ya piano kubwa kuliko ile ya Mozart. Hayawezi kuchukuliwa kuwa ni nakala ya alichokisikia utotoni. Lakini yanaonyesha kwamba mwanafunzi huyo hakuona unyofu wa ukurasa kuwa ni kitu cha kuhifadhiwa. Wapigaji wa baadaye walifunzwa kuiheshimu nota iliyochapishwa na kutoiongezea chochote. Heshima hiyo, iliyokuwa na faida kubwa kwa tungo za Beethoven ambaye aliandika kila alichokitaka, iliudhuru utungo ambao uliandikwa kwa matarajio kwamba mpigaji angesema zaidi ya alivyoandikiwa.

Mpigaji kama mhakiki

Mpigaji wa leo anayeikabili K. 537 ana njia kadhaa, na kila moja ni tendo la kihakiki. Aweza kuufuata mkono wa kushoto wa André bila kuubadili. Hapo amekubali kwamba toleo la 1794 ndilo utungo. Aweza kuandika mkono wake mwenyewe na kuupiga daima kwa namna hiyohiyo. Hapo ameichukua nafasi ya mchapishaji. Aweza pia kubuni papo hapo, kila onyesho kwa namna yake. Hapo ameichukua nafasi ya mtunzi, pamoja na hatari zake zote. Kwa vile hakuna kadenza ya Mozart iliyosalia kwa ajili ya koncheto hii, hata yule mwoga kuliko wote hana budi kuamua jambo fulani: atafute kadenza ya mtu mwingine, atunge yake, au anyamaze mahali ambapo okestra imesimama ikimngoja. Wanda Landowska, alipoirekodi mwaka 1937, alipamba mahadhi na kutia kadenza alizozitunga mwenyewe, na rekodi hiyo bado yafaa kusikilizwa kama hoja, hata na asiyekubaliana na kila pambo lake.

Wanafunzi wa fasihi simulizi hawatakuwa wageni katika mjadala huu. Ruth Finnegan, katika kitabu chake cha 1970 juu ya fasihi simulizi ya Afrika, alisisitiza kwamba utungo simulizi haupo kwa ukamilifu nje ya utendaji wake. Miaka miwili kabla, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walikuwa wamependekeza katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi simulizi iwekwe katika kitovu cha masomo ya fasihi. Tangu hapo imezoeleka darasani kueleza kwamba hadithi iliyonakiliwa ni mifupa ya hadithi iliyosimuliwa, na kwamba fanani, hadhira na tukio ni sehemu za maana yake. Lakini mara nyingi maelezo hayo hutolewa kana kwamba hali hiyo ni ya simulizi pekee, na kana kwamba upande wa pili wapo watunzi wa maandishi ambao kurasa zao zimekamilika. Mozart huwekwa miongoni mwa hao wa pili, tena katika safu ya mbele kabisa. Mswada wa K. 537 waonyesha kwamba mpaka huo hauko mahali unapodhaniwa kuwa. Katika kitovu cha utamaduni wa maandishi, mtunzi aliyekuwa na uwezo wa kuandika kila sauti aliacha kuandika, kwa kuwa utendaji ulikuwa bado mikononi mwake.

Tofauti iliyopo yafaa itajwe vilevile. Mkusanyaji wa hadithi hupokea utendaji kisha akabaki na maandishi pungufu. Mozart aliandika maandishi pungufu yaliyotangulia utendaji. Katika hali ya kwanza pengo ni hasara. Katika ya pili lilikuwa ni akiba, mpaka siku mtunzi alipokufa nayo. Tangu siku hiyo hali zote mbili zinafanana: yupo mtu wa tatu, mkusanyaji au mchapishaji, ambaye mkono wake umo ndani ya matini na ambaye jina lake halitajwi.

Hitimisho

Yaliyojadiliwa yanaelekea kwenye pendekezo moja la kimbinu. Kabla ya kuuliza kama utungo ni mzuri, mhakiki hana budi kuuliza uliandikwa kwa kiasi gani, kwa ajili ya nani, na nani aliyeumaliza. Katika K. 537 majibu yake ni haya: okestra iliandikwa yote kwa ajili ya wapigaji wake, mkono wa kulia uliandikwa kwa ajili ya Mozart mwenyewe kama ukumbusho, mkono wa kushoto uliandikwa pale tu ulipokuwa mgumu, na yaliyobaki yalimalizwa mwaka 1794 na mtu mwingine aliyekuwa na mzigo wa kuuza kitabu cha nota kisicho na kurasa tupu. Hukumu ya wahakiki wa karne ya 20 kwamba utungo huu uko chini ya K. 482 na K. 491 yaweza kubaki, lakini ibaki kwa sababu iliyo sahihi, yaani mazungumzo ya okestra yaliyopungua, na si kwa sababu ya wepesi wa mkono ambao Mozart hakuuandika.

Lililobaki ni la watendaji. Mpigaji akiketi mbele ya Larghetto, ile nafasi nyeupe iliyo chini ya mahadhi bado ingali inasubiri, na nota ndogo zilizochapishwa humo hazimfungi. Hukumu juu ya sehemu hiyo itaendelea kutolewa upya kila inapopigwa, nayo itamhusu mpigaji sawasawa na inavyomhusu Mozart.